Farasi Badala ya Maneno: Sheria na Vita Vilivyozaa Sarakasi

Mwaka 1787, katika ukumbi wa Royalty mashariki mwa London, mchekeshaji wa Kiitaliano aitwaye Carlo Delpini alitiwa ndani kwa sababu ya nyama ya ng'ombe ya kuchoma. Hakuiiba. Aliitaja. Watu wa jukwaani walisimulia kwa miaka mingi kwamba katikati ya igizo bubu la Don Juan, Delpini aliropoka jina la kitoweo hicho kwa sauti ya kawaida, bila muziki wowote kupigwa. Angeiimba nyama hiyo, hakuna ambaye angemgusa. Angeionyesha kwa mikono, akalamba midomo na kujipapasa tumbo, watu wangecheka na yeye angelala kwake. Kosa lake ni kwamba alisema.

Huenda kisa hicho kimetiwa chumvi. Sheria iliyokifanya kisadikike haikutiwa chumvi hata chembe. Mfalme Charles wa Pili aliporudi kwenye kiti cha enzi mwaka 1660, baada ya majumba ya maigizo kufungwa kwa miaka 18 na Wapuritani na washirika wao bungeni, aliwapa watu wake wawili, Thomas Killigrew na William Davenant, haki ya pekee ya kuigiza tamthilia jijini London. Hati zao zikarithiwa na kuuzwa kama shamba, hadi zikatua kwenye kumbi mbili, Drury Lane na Covent Garden. Mwaka 1737 Robert Walpole, aliyekuwa akiongoza serikali na aliyechoshwa na kusutwa jukwaani, alipitisha bungeni sheria ya kukaza zaidi: kila tamthilia mpya ipelekwe kwanza kwa Lord Chamberlain, afisa wa kasri ya mfalme, ikaguliwe, na atakayeigiza kwa malipo bila hati ya kifalme au kibali cha afisa huyo aadhibiwe. Mwaka 1752 ikafuata nyingine. Sasa hata muziki na dansi, ndani ya maili 20 kutoka London, vilihitaji leseni ya mahakimu. Mwenye hati aliweza kusema. Mwenye leseni aliweza kuimba, kucheza na kuruka. Asiye na hati wala leseni alihesabiwa mzururaji, na sheria za uzururaji zilikuwa na viboko ndani yake.

Sarakasi ya kisasa ilizaliwa miongoni mwa hao wasioruhusiwa kusema. Historia yake husimuliwa mara nyingi kama habari ya askari mmoja shupavu na farasi wake mweupe. Askari huyo alikuwepo, na tutamfikia. Lakini ukimtazama yeye peke yake hutaelewa kwa nini burudani mpya iliyotapakaa Ulaya katika miaka thelathini ya mwisho ya karne ya 18 ilijengwa juu ya mwili, mnyama na ngoma, ikayaacha maneno mlangoni. Mimi naona sheria ndiyo iliyoamua umbo lake. Vita vikaleta watu na farasi, na jiji likaleta viingilio. Mambo hayo matatu yalikutana mahali pamoja, kusini mwa mto Thames, na ndiyo maana sarakasi ilianzia pale.

Kwanza yafaa tufute picha ambayo wengi wetu tunayo. Sarakasi ya karne ya 18 haikuwa na hema. Hema kubwa la maonyesho lilitumika kwanza Marekani mwaka 1825, na Joshua Purdy Brown. Haikuwa na bembea ya angani, kwani Jules Léotard alirukia bembea mbele ya watu wa Paris mwaka 1859. Wala haikuwa na simba. Wanyama wa mbali walikuwa na biashara yao tofauti kabisa, ya kutazamwa tu. Nahodha mmoja Mholanzi, Douwe Mout van der Meer, alimteremsha kifaru jike kutoka India bandarini Rotterdam mwaka 1741, akamtembeza Ulaya kwa miaka 17, hadi kifaru huyo, Clara, alipofia London mwaka 1758. Jean-Baptiste Oudry alimchora Paris, Pietro Longhi akamchora Venice. Hakuna aliyemtaka Clara afanye lolote. Alilipiwa kwa kuwepo tu, akila majani huku watu wakimkodolea macho.

Sarakasi ilidai kinyume cha hayo. Farasi kila mtu alimjua: ndiye aliyevuta mkokoteni wa makaa na gari la tajiri, na kinyesi chake kilijaa kila mtaa. Watu walitoa fedha kumwona mnyama wa kila siku, na binadamu wa kawaida, wakifanya jambo lisilo la kawaida.

Mambo hayo yasiyo ya kawaida yalikuwepo zamani sana, ila yalikaa kwenye magulio. Gulio la Mtakatifu Bartholomew lilifanyika Smithfield, London, kila mwisho wa Agosti tangu karne ya 12. Kufikia miaka ya 1700 biashara ya nguo iliyolianzisha ilikuwa imesahaulika, watu wakija kutazama watembea kambani, waruka samasoti, vikaragosi, mabondia na mazingaombwe. Mtaalamu mkuu wa mazingaombwe, Isaac Fawkes, aliugeuza mfuko mtupu juu chini mbele ya umati, kisha akatoa humo mayai kwa wingi, na baada ya mayai, kuku hai. Magazeti yaliandika alipofariki, mwanzoni mwa miaka ya 1730, kwamba aliacha pauni 10,000, utajiri ambao mabwana wengi wenye vyeo hawakuwa nao. Anayeijua sarakasi kupitia vijana wanaopandiana mabegani kwenye hoteli za pwani yetu angejiona nyumbani pale Smithfield. Farasi tu ndio wangekosekana.

Tusiwadhanie watazamaji wale kuwa mbumbumbu wa kupokea lolote. Januari 1749 tangazo gazetini liliahidi kwamba mtu mmoja ataingia mzima mzima ndani ya chupa ya mvinyo, kwenye ukumbi wa Haymarket, na kuimba humo. Ukumbi ulijaa, wakiwemo watu wa tabaka la juu, hata mtoto wa mfalme. Mwenye chupa hakutokea. Watu walivunja viti, wakang'oa mapambo, wakayatoa nje na kuyachoma moto barabarani. Inadhaniwa mabwana fulani waliwekeana dau kupima ujinga wa umma. Mimi nasoma tukio hilo tofauti kidogo. Watu waliolipa kiingilio walijua wanadaiwa nini, na walikuwa tayari kukidai kwa moto. Mwonyeshaji aliyetaka kudumu mahali pamoja mwaka mzima asingeweza kuishi kwa ahadi.

Na kudumu mahali pamoja kulianza kuwa lazima. Wakuu wa jiji waliyachukia magulio, wakayaona ni vichaka vya wezi na ulevi. Gulio la Bartholomew lilipunguzwa siku, na lile la Southwark, ambalo William Hogarth alilichora mwaka 1733, lilipigwa marufuku mwanzoni mwa miaka ya 1760. Watembea kambani hawakufa kwa kukosa gulio. Walianza kutafuta paa na mlango unaofungwa.

Wakati huohuo vita vikaisha. Vita vya Miaka Saba, vilivyopiganwa kuanzia 1756 hadi 1763, viliiachia Uingereza wapanda farasi hodari wasio na kazi, waliojifunza jeshini kukata upanga, kuruka tandikoni na kumwongoza mnyama kwa magoti huku mikono yote miwili ikiwa na silaha. Philip Astley alikuwa mmoja wao. Alizaliwa mwaka 1742 huko Newcastle-under-Lyme, mtoto wa fundi samani aliyetaka mwanawe ashike randa. Mwana alikimbilia jeshini mwaka 1759, kwenye kikosi kipya cha wapanda farasi wepesi, akapigana Emsdorf nchini Ujerumani mwaka 1760, na akaaga jeshi mwaka 1766 akiwa sajini-meja. Alikuwa pande la mtu mwenye sauti ya kuamrisha gwaride, ambayo ilimfaa baadaye kuliko upanga.

Hakuwa wa kwanza. Kwenye baa iitwayo Three Hats, huko Islington, akina Thomas Johnson na Sampson walikuwa wakisimama juu ya farasi wanaokimbia kabla Astley hajaanza, na mke wa Sampson alipanda pia. Jacob Bates alikwisha kuzunguka Ulaya hadi Urusi na maonyesho ya aina hiyo, kisha mwaka 1772 akavuka kwenda makoloni ya Amerika. Wanaomwita Astley baba wa sarakasi wanampa sifa ya kitu alichokikuta. Sifa yake halisi iko kwingine.

Mwaka 1768 alikodi kiwanja cha wazi Lambeth, kusini mwa mto. Asubuhi alifundisha watu kupanda farasi, na alasiri alionyesha maajabu yake. Kukaa kulikuwa shilingi moja, kusimama peni sita, wakati kibarua wa London alipata kama shilingi mbili kwa siku. Mwaka uliofuata akahamia karibu na daraja la Westminster. Farasi wake walikimbia kwenye duara, na duara hilo lilitulia kwenye kipenyo cha futi 42, yaani karibu mita 13. Kipimo hicho ndicho kinachotumika hadi leo kwenye sarakasi nyingi duniani. Ni nadra kipimo cha burudani kukaa karne mbili na nusu bila kuguswa, kwa hiyo inafaa kuuliza kinafanya kazi gani.

Kwanza kuna kumwona. Farasi akikimbia moja kwa moja, mtazamaji anamwona kufumba na kufumbua, kisha anabaki na vumbi. Kwenye duara haondoki machoni, na kila kiti kina zamu yake ya kumwona kwa karibu. La pili lamhusu mpandaji mwenyewe. Farasi anayekata kona mfululizo huinamia ndani, na mpandaji aliyesimama mgongoni huinama naye. Mwili wake unavutwa kutupwa nje, lakini kwa kuwa ameinama, mvuto huo unazikandamiza nyayo zake kwenye mgongo wa farasi badala ya kumwangusha. Duara dogo mno humchosha farasi na kumlaza sana. Duara kubwa mno hupoteza msaada huo. Tena mwenye kufunza husimama katikati, mjeledi wake mrefu ukimfikia mnyama popote alipo, na hivyo mwendo hubaki uleule, mzunguko baada ya mzunguko, wa mita 40 na ushei. Mwendo usiobadilika ndio msingi wa kila kitu anachofanya mtu juu ya mgongo ule. Wapanda farasi wengine walikuwa wamekwisha kuligundua duara. Astley alilijengea uzio, viti na mlango wa malipo.

Kisha, kufikia mwaka 1770, akafanya jambo lililobadilisha historia, kwa sababu za kibiashara tu. Farasi huchoka. Mpandaji naye huhitaji kupumua, na watu waliomwona Jumatatu amesimama juu ya farasi wawili hawarudi Alhamisi kuona hilohilo. Akawaajiri watu wa magulioni: watembea kambani, waruka samasoti, wajenga minara ya binadamu. Waliingia uwanjani farasi wanapopumzika. Watu waliokuwa wakifukuzwa gulio moja hadi jingine walipata jumba, mshahara na msimu, na jumba lenyewe kufikia mwisho wa miaka ya 1770 lilikuwa limeezekwa na kuwashwa taa usiku. Muungano huo wa farasi wa jeshini na mwili wa gulioni, kwa tiketi moja, ndio sarakasi. Kwa hiyo sarakasi, ambayo leo tunaiwaza kama kitu cha kuhamahama, ilianza kwa kuwatuliza wahamaji.

Mkewe, Patty, alipanda farasi pia, na matangazo ya siku zile yanamtaja akizunguka uwanja huku nyuki wamemfunika mikono. Sijui ni nani aliyekuwa akiwarudisha nyuki mzingani.

Kichekesho kilichodumu kuliko vyote kilikuwa cha mshonaji nguo anayetaka kwenda Brentford kupiga kura. Uchaguzi wenye ghasia wa mwaka 1768, ambapo mkorofi wa siasa John Wilkes alishinda kiti cha Middlesex, ulifanyika Brentford, na kila mtazamaji aliujua. Mshonaji huyo hajawahi kupanda farasi. Anapanda akitazama mkiani. Farasi anakataa kwenda, kisha anakwenda asipotakiwa, anamtupa, na mwishowe farasi ndiye anayemkimbiza mtu. Astley alikijua kiini cha mzaha huo vizuri, kwani kikosi chake cha jeshi kilipoundwa mwaka 1759 kiliandikisha washonaji wengi. Tazama jinsi kilivyotengenezwa: siasa ya mwaka huo imo, dhihaka imo, mpanda farasi bora kuliko wote amejifanya hajui kitu, na hakuna sentensi hata moja ambayo Lord Chamberlain angeweza kuikagua.

Mahali penyewe palisaidia. Kwa karne nyingi London ilikuwa na daraja moja tu la kuvukia kwenda kusini. La Westminster lilifunguliwa mwaka 1750 na la Blackfriars mwaka 1769, na ghafla viwanja vya bei nafuu vya ng'ambo vikawa umbali wa kutembea kutoka kwenye mitaa yenye fedha. Ng'ambo hiyo ilikuwa wilaya ya Surrey, yenye mahakimu wake. Astley alisimama kwenye kichwa cha daraja la kwanza. Charles Hughes, aliyewahi kupanda farasi kwake, akaanzisha shule yake karibu na la pili mwaka 1772. Waligombana hadharani, kwa mabango na magazeti, kila mmoja akimwita mwenzake mwigaji. Mahakimu hawakuwatofautisha. Wote wawili waliwahi kukamatwa kwa kuonyesha bila leseni, na Astley hakupata leseni ya kueleweka hadi miaka ya 1780.

Novemba 1782 Hughes akishirikiana na mtunzi wa nyimbo Charles Dibdin alifungua Royal Circus, jumba la kwanza kujiita kwa jina ambalo baadaye lilikuja kutumika kila mahali. Dibdin ndiye aliyekuwa na wazo. Aliunganisha duara la farasi na jukwaa la muziki lenye mapazia, ili hadithi ianzie jukwaani na kumalizikia uwanjani, vita na kukimbizana vikitendwa kwa farasi wa kweli. Waigizaji wake wengi walikuwa watoto, walioandikwa kama wanafunzi na kufanyishwa kazi usiku. Mjini Paris Nicolas-Médard Audinot alikuwa akifanya vivyo hivyo tangu 1769. Vitabu vingi vya sarakasi hupita hapa haraka, na sioni kwa nini. Mtoto alikuwa rahisi, mwepesi wa kunyanyuliwa na hakuhitaji hati ya kifalme. 

Kimya kile kilicholazimishwa na sheria kilikuwa na upande ambao watunga sheria hawakuufikiria. Ukaguzi ulihusu maandishi yanayosemwa. Kisichosemwa hakikuwa na karatasi ya kupeleka ofisini. Julai 1789 umati wa Paris ulipoteka gereza la Bastille, Covent Garden ilitayarisha tamthilia juu ya tukio hilo, na ikakatazwa. Lakini ng'ambo ya mto, ndani ya wiki chache tu, mwezi Agosti, Royal Circus ilikuwa ikiibomoa Bastille kila usiku kwa nyimbo, baruti na farasi, na Astley naye akaibomoa ya kwake. Kwa msimu mmoja tukio kubwa kuliko yote ya karne lilionekana London kwa wale waliozuiwa kuzungumza. Sidai kwamba Astley alikuwa mwanamapinduzi. Alimpenda mfalme wake kwa sauti kubwa na kwa faida. Lakini sheria iliyokusudiwa kuwafunga wengine midomo ndiyo iliyompa nafasi ambayo wenye hati hawakuwa nayo.

Mtu anaweza kusema hayo ni mambo ya London tu. Paris inajibu, tena kwa ukali zaidi. Comédie-Française, iliyoundwa mwaka 1680, ilishikilia haki ya kuigiza tamthilia kwa Kifaransa, na Opera ilishikilia haki ya kuimba. Louis wa Kumi na Nne alipowafukuza waigizaji wa Kiitaliano mwaka 1697, watu wa magulio ya Saint-Germain na Saint-Laurent walirithi vichekesho vyao na watazamaji wao, na papo hapo wakaingia mahakamani. Walikatazwa mazungumzo, wakaigiza mtu mmoja mmoja, mwenzake akimnong'oneza na yeye akirudia kwa sauti kana kwamba anashangaa. Wakakatazwa kusema kabisa. Kufikia mwaka 1710 hivi waigizaji walikuwa wakitoa mifukoni karatasi zilizokunjwa, zenye maneno yao kwa herufi kubwa. Baadaye mabango hayo yaliteremshwa kutoka darini na watoto waliovishwa kama malaika. Maneno yalitungwa kufuata nyimbo ambazo kila mtu alizijua. Wanamuziki walipiga, na watazamaji wenyewe wakaimba, wakiongozwa na watu waliopandikizwa kati yao. Waigizaji walibaki kimya kama sheria ilivyotaka. Polisi wangemkamata nani, ukumbi mzima? Mwishowe Opera, iliyokuwa na madeni, iliona heri kuwauzia haki ya kuimba, na kutokana na biashara hiyo ikazaliwa opera ya vichekesho ya Ufaransa.

Kutoka magulioni burudani ikahamia barabara ya Boulevard du Temple. Jean-Baptiste Nicolet alijijengea pale ukumbi karibu na mwaka 1760. Mwaka 1767, mwigizaji mashuhuri Molé wa Comédie-Française alipougua na Paris nzima ikajifanya kuugua naye, Nicolet alimvisha kima wake, Turco, kofia ya kulalia na ndara, akamwachia alalame kitandani mbele ya umati. Mwaka 1772 mfalme alilipatia kundi lake jina la wachezaji wake wakuu wa dansi. Nicolet alikuwa amepata hati.

Ndipo Astley alipoingia Paris, akafungua jumba lake la kudumu karibu na barabara hiyohiyo mwaka 1782. Malkia Marie Antoinette alimpenda kijana wake John, aliyecheza dansi juu ya farasi. Nicolet akaenda kwa wakuu wa polisi kulalamika kwamba kuruka samasoti na kutembea kambani ni haki yake kwa amri ya mfalme. Mwingereza aruhusiwe mambo ya farasi tu. Akasikilizwa. Mtoto wa gulio, ambaye ukoo wake wa kazi ulinyanyaswa miaka themanini kwa hoja hiyohiyo, sasa aliitumia yeye. Inasimuliwa kwamba Astley aliitii amri neno kwa neno: aliwapanga farasi 16, akawalazia ubao mpana migongoni, na waruka samasoti wake wakaendelea na kazi juu yake, kwa kuwa sasa kila kitu kilifanyika juu ya farasi. Ubao ule unaniambia habari za karne ya 18 kuliko wasifu wowote wa Astley.

Januari 1791 Mapinduzi yakafuta haki hizo zote, na raia yeyote akaruhusiwa kufungua ukumbi na kuigiza anachotaka. Astley aliondoka vita vilipokaribia. Jumba likashikwa na Antonio Franconi, Mwitaliano aliyeanza kwa kufunza ndege. Napoleon alirudisha kufuli mwaka 1807 kwa kuziacha kumbi nane tu mjini Paris, na mwaka huohuo wana wa Franconi wakafungua Cirque Olympique.

Kuna pingamizi ambalo hoja yangu haiwezi kulikwepa. Aprili 1793 John Bill Ricketts, mwanafunzi wa Hughes, alifungua duara lake Philadelphia, katika nchi ambayo haikuwa na Drury Lane wala hati za mfalme. Alijaza. George Washington, mpanda farasi mzuri mwenyewe, alihudhuria mwezi huohuo, na baadaye farasi wake mzee aitwaye Jack aliingia mikononi mwa Ricketts, akawa anaonyeshwa kwa watu kwa kuwa tu alimbeba jenerali vitani. Kama sarakasi ilizaliwa na katazo la kusema, iliwezaje kustawi pasipo katazo hilo? Pennsylvania ilikuwa imepiga marufuku tamthilia hadi mwaka 1789, na wacha Mungu wa huko bado walizitilia shaka, lakini hilo ni nusu ya jibu. Nusu ya pili ni kwamba umbo lililotengenezwa na sheria lilikuwa na faida ambazo sheria haikuzipanga. Burudani isiyo na maneno haihitaji mkalimani. Bates alifika Urusi bila lugha ya Kirusi, na Hughes naye akafuata huko miaka ya 1790 na kuonyesha mbele ya malkia Catherine wa Pili. Franconi na Delpini walifanya kazi ugenini sehemu kubwa ya maisha yao. Tamthilia ya Drury Lane ilipofika Calais ilikuwa bubu. Ya Astley ilikuwa bubu tangu nyumbani.

Tena umbo lile lilikuwa wazi kwa kila aliyekuja na kitu cha kuonyesha, na mara nyingine wazi kupita kiasi. Mwaka 1785 London ilishikwa na wazimu wa nguruwe msomi, aliyepanga kadi zenye herufi na namba kujibu maswali ya watu. Alipoletwa kwenye ukumbi wa Sadler's Wells, waruka samasoti walisusa kupanda jukwaa moja na nguruwe, na inasemekana meneja aliwaacha waende zao. Hesabu ya kiingilio ilikuwa upande wa nguruwe.

Jumba la Astley liliungua mwaka 1794, likaungua tena 1803, na kila mara akalijenga upya. La Ricketts liliteketea Desemba 1799 na hakuweza kusimama tena. Mishumaa, mbao na majani makavu ya farasi chini ya paa moja. Cha kushangaza ni kwamba hayakuungua mara nyingi zaidi.

Washindani waliobaki walikuwa wale wenye haki ya kusema. Covent Garden, iliyojengwa upya kubwa mno baada ya moto wake yenyewe, ilikuwa na viti elfu tatu hivi vya kujaza, na aliyekaa nyuma kabisa hakuyasikia maneno ambayo hati ya mfalme iliyalinda. Februari 1811 Covent Garden, ukumbi wa Shakespeare wa msimu mzima, ilirudisha jukwaani igizo la zamani la Blue Beard na kuliongezea kikosi kizima cha farasi waliokimbia na kupigana mbele ya watazamaji. Wahakiki waliandika kwa uchungu juu ya kwato na harufu. Foleni iliendelea usiku baada ya usiku, na menejimenti ikaagiza mchezo mwingine wa farasi kabla msimu haujaisha. Farasi hao, pamoja na watu wa kuwaongoza, walikodiwa kutoka kwa Astley.